Mizani ya Ugenini: Gounod na Nyimbo Zake za Kwaya Alipoishi London

Katika kwaya yetu hapa Mombasa jina la Charles Gounod, mtunzi wa Kifaransa, lilikuwa na maana moja tu kwa miaka mingi: Ave Maria, ile inayoimbwa na sauti moja ya juu wakati bibi harusi anapopeleka maua mbele ya sanamu ya Mama Maria, huku mpiga kinanda akitembeza vidole taratibu chini yake. Wengi wetu hatukujua hata kwamba kazi hiyo ina watunzi wawili waliopishana kwa zaidi ya karne moja, maana sehemu ya kinanda ni ya Bach, naye Gounod alikuja mwaka 1853 akaiwekea sauti ya juu yake, kama fundi anayejenga ghorofa juu ya nyumba ya marehemu. Sina ugomvi na wimbo huo, ingawa nimeuimba katika harusi nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ninachotaka kueleza leo ni kazi nyingine za mtu huyo, zilizo ndogo na zisizo na sifa, yaani nyimbo za sauti nne alizotungia kwaya alipokuwa akiishi Uingereza kuanzia mwaka 1870 hadi 1874.

Tulizikaribia nyimbo za namna hiyo kwa sababu ya shida. Kinanda chetu kilipelekwa kwa fundi kikakaa huko wiki nyingi kuliko tulivyoahidiwa, na Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye hapendi mazoezi ya Jumamosi yapotee, akaanza kututafutia nyimbo zinazoweza kusimama zenyewe bila chombo. Wimbo wa namna hiyo una sheria yake: soprano, alto, tena na besi, yaani sauti nne kuanzia ya juu hadi ya chini kabisa, wanabebana wenyewe, na mmoja akilegea wote wanasikika wamelegea, kwa kuwa hakuna kinanda cha kuficha aibu. Katika bahasha moja ya karatasi za zamani zilizoandikwa kwa nota za solfa tulikuta wimbo wa Gounod wa Krismasi unaohusu hori la Bethlehemu, wenye maneno ya Kifaransa na ya Kiingereza. Hapo ndipo nilipoanza kumsoma mtu mwenyewe, na kusoma kwangu kulinipeleka London.

Gounod alizaliwa Paris mwaka 1818, na alipofika London alikuwa mtu mzima wa miaka 52 mwenye jina kubwa. Opera yake ya Faust, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1859, ilikuwa imekwisha kuzunguka Ulaya. Hakwenda kutafuta kazi wala sifa. Mnamo Julai 1870 Ufaransa iliitangazia Prussia, dola ya Wajerumani, vita, mwanzoni mwa Septemba mfalme wake akashindwa na kutekwa huko Sedan, na majeshi ya Wajerumani yakaelekea Paris. Gounod alivuka bahari pamoja na mkewe na watoto. Kabla mwezi huo haujaisha Paris ilikuwa imezingirwa, na mzingiro haukuondoka hadi mwisho wa Januari 1871, baada ya watu wa mji ule kula farasi, paka na panya. Mtu wa Mombasa haelezwi sana habari za mji uliozingirwa, kwa kuwa Ngome yetu nayo ilizingirwa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliomo ndani walimalizwa na maradhi na njaa kuliko risasi. Tofauti ni kwamba Gounod alikuwa nje, salama, akisoma habari za mji wake katika magazeti ya watu wengine.

Kazi yake kubwa ya kwanza katika ugeni huo si wimbo mdogo, lakini siwezi kuiruka. Mei 1 mwaka 1871 yalifunguliwa maonyesho ya kimataifa ya London katika ukumbi wa Royal Albert Hall, ambao wakati huo ulikuwa na umri wa mwezi mmoja hivi. Mataifa manne yaliombwa kila moja lilete mtunzi wake: Sullivan kwa Uingereza, Hiller kwa Ujerumani, Pinsuti kwa Italia na Gounod kwa Ufaransa. Mjerumani alileta muziki wa maandamano ya ushindi. Gounod alileta maombolezo aliyoyaita Gallia, jina la kale la nchi yake, kwa sauti moja ya soprano, kwaya na okestra, na maneno yake aliyatoa katika Kitabu cha Maombolezo, pale nabii anapoutazama mji uliojaa watu jana na leo umekaa peke yake kama mjane. Ukitaka kuelewa jinsi nyimbo hizo mbili zilivyosikika katika ukumbi mmoja, kumbuka kwamba mkataba wa amani wa Frankfurt ulitiwa saini siku tisa baadaye, na kwamba siku hiyohiyo ya Mei 1 Wafaransa walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe Paris katika vita vya Komuni.

Sisi wa pwani tunaijua aina hiyo ya utungo. Washairi wa Pate na Lamu walikwisha kuyalilia majumba yaliyokuwa na taa na mazulia yakabaki makao ya popo na buibui. Ndiyo maana Gallia ilinigusa kabla sijaelewa ufundi wake, na ufundi wenyewe si mgumu: kwaya inakaa karibu na sauti moja, inarudia, inanyong'onyea, hadi mwisho soprano anapoiita Yerusalemu irudi kwa Mungu wake na kwaya nzima inamfuata kwa nguvu. Wapo wanaosema kuwa mwisho huo una sukari nyingi. Ninakubali kwamba sukari ipo, na Gounod hakuwahi kuwa mchoyo wa sukari, lakini baada ya kurasa nyingi za uchungu sioni kosa.

Kutokana na mafanikio hayo alipewa uongozi wa kwaya mpya ya ukumbi ule, akawa kiongozi wake wa kwanza, na mwaka 1872 wakaanza matamasha. Hakudumu. Alikosana na wasimamizi, uongozi ukapita mikononi mwa Joseph Barnby, naye Gounod akaunda kwaya yake mwenyewe iliyoitwa kwa jina lake. Kwa watu hao ndipo alipotunga na kupanga nyimbo za sauti nne, nyingi zikiwa na maneno ya Kiingereza, pamoja na nyimbo za sauti moja na piano zilizotoka mfululizo, zaidi ya sitini kwa jumla, katika Kiingereza, Kifaransa na Kiitaliano.

Wasifu wake mwingi huipita miaka hii kwa haraka, kana kwamba mtunzi wa opera aliyekaa akiandika vijiwimbo vya watu wa ofisini na wake zao alikuwa anapoteza wakati. Sikubaliani na hukumu hiyo, kwa kuwa kwaya ya watu wa kawaida haikuwa jambo geni kwake. Toka mwaka 1852 hadi 1860 aliongoza Orphéon ya mji wa Paris, chama cha uimbaji kilichokusanya wafanyakazi na watoto wa shule, watu ambao mchana walikuwa na nyundo au vitabu mkononi na jioni wakaimba kwa sauti kadhaa. Kabla ya hapo, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alikaa Roma kwa tuzo ya serikali aliyoipata mwaka 1839, na katika kanisa la Sistina akazisikia nyimbo za Palestrina, mtunzi wa kanisa wa karne ya kumi na sita, zikiimbwa bila chombo chochote. Jambo hilo halikumtoka tena. Wakati fulani hata alisomea upadri. Mtu wa historia hiyo anapoiandikia kwaya hafanyi kazi ya pembeni. Amerudi mahali alipoanzia.

London nayo ilikuwa mji wa kumpokea. Waingereza wa wakati ule walikuwa na njaa ya nyimbo za sauti nne kuliko taifa lolote nililolisoma. Mendelssohn, mtunzi Mjerumani, alikuwa amewaachia mfano, na watunzi wao wenyewe walitoa nyimbo hizo kwa wingi. Kampuni ya Novello ilichapisha karatasi za bei nafuu ambazo karani aliweza kuzinunua, na tangu mwaka 1844 jarida lake la muziki lilikuwa likiwekewa ndani wimbo wa kwaya. Mchungaji John Curwen alikuwa akieneza solfa, ile mbinu ya do, re, mi iliyoanzishwa na mwalimu wa Norwich, Sarah Glover, ili mtu asiyejua kusoma mistari mitano aweze kuimba sehemu yake. Hizo ndizo nota ambazo wamisheni walizileta huku kwetu, na ndizo tulizozikuta katika bahasha yetu. Tunapoandika d na m na s ubaoni tunatumia chombo kilichofanyiwa mazoezi na wafanyakazi wa Uingereza katika miaka hiyohiyo Gounod alipokuwa miongoni mwao.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Gounod alipohamia London hakubadilisha mji tu, alibadilisha namna ya kuhesabu maneno.

Ushairi wa Kifaransa huhesabu mizani, kama wetu. Malenga wa Mvita anapotunga shairi la mizani nane kwa nane, hatazami ni silabi gani nzito na ipi nyepesi. Anahesabu, na mstari ukizidi au ukipungua, sikio lake linakataa. Mfaransa hufanya hivyohivyo, mara nyingi kwa mistari ya mizani kumi na mbili, na mkazo wake hukaa mwishoni mwa kifungu cha maneno. Mwingereza hahesabu hivyo. Yeye husikiliza mapigo, yaani silabi zinazokazwa, na silabi nyepesi zinaweza kuongezeka au kupungua kati ya pigo na pigo bila mtu kulalamika. Zaidi ya hayo, lugha yake imejaa maneno ya silabi moja, na mengi ya maneno ambayo washairi wanayapenda, kama vile usiku, bahari, nyota, moyo na nyumbani, kwake ni silabi moja nzito. Mstari wake hupenda kufunga kwa kishindo.

Fikiria basi mtu aliyezoea kuweka noti kwa hesabu, aliyekuwa na uhuru wa kuivuta silabi yoyote ya katikati kwa kuwa Kifaransa humruhusu, sasa anapewa maneno ambayo kila moja lina mahali pake pa kukazwa, na asipopafuata, waimbaji wake wanamtazama. Ninapozisikiliza nyimbo zake za Kiingereza ninasikia mtu anayetembea kwa uangalifu. Sauti nne hutembea pamoja, silabi kwa silabi, mara chache sana moja kukimbia mbele ya nyingine. Mdundo ni wa kawaida. Uzuri wote unapelekwa katika namna sauti zinavyokutana, hasa pale alto anaposhuka nusu hatua na rangi ya wimbo mzima kubadilika kama maji ya mkondo wa Likoni wingu linapopita. Wakosoaji huita unyofu huo uvivu. Mimi nauona kuwa ni adabu ya mgeni ambaye hataki kuvunja vyombo vya mwenyeji wake. Zipo pia ambazo ni za kawaida tu, tamu kwa ubeti wa kwanza na za kuchosha kwa ubeti wa tatu, nazo sitazitetea.

Tuliyagundua haya kwa njia ya vitendo. Mwalimu alitaka ule wimbo wa Bethlehemu uimbwe kwa Kiswahili, akaandika maneno, na tukayaimba. Mstari wa kwanza ulikaa vizuri ajabu. Wa pili ukatuangusha. Katika Kiingereza mstari huo wa pili unaishia kwa neno la silabi moja lenye maana ya mtoto, na noti yake ni nzito, imetulia, sauti zote nne zimefika. Katika Kiswahili mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo silabi yetu ya mwisho, iliyo nyepesi, ndiyo iliyopewa noti ile nzito.

Mama mmoja wa alto, ambaye hunyamaza mwezi mzima na kisha husema neno moja, aliinua mkono. "Mwalimu, samahani, lakini hapa tunasema mtotó, kama Mzungu aliyeteremka melini jana."

"Ni kweli, Mama," akajibu. "Basi nipe neno la Kiswahili linalokazwa mwisho."

Tukafikiri sote. Kimya kikawa kirefu, feni tu ikizunguka. Kisha besi mmoja akasema, "La!" na tukacheka, ingawa alikuwa amejibu sawasawa.

Watu husema kuwa muziki hauna lugha na kwamba mkazo ukihama msikilizaji ataelewa tu. Nadhani wanaosema hivyo hawajawahi kulisikia neno barabara likiimbwa. Ukikaza silabi ya tatu ni njia ya magari. Ukikaza ya pili ni sawasawa kabisa. Neno walakini nalo likikazwa silabi ya pili ni kiunganishi, likikazwa ya tatu ni kasoro. Wimbo unaweza kumfanya mwimbaji aungame kasoro asiyokuwa nayo.

Ndipo nilipoyaangalia maneno ya Kifaransa ya wimbo uleule, nikaona kilichotokea. Washairi wa Kifaransa hupishanisha miisho ya aina mbili: mmoja unaofunga kwa silabi nzito, na mwingine unaofunga kwa silabi nzito ikifuatwa na irabu hafifu, ambayo katika mazungumzo haisikiki kabisa lakini katika wimbo hupewa noti yake ndogo. Mstari wa kwanza wa wimbo wetu una mwisho wa aina hiyo ya pili: nzito, kisha nyepesi. Huo ndio mwendo wa karibu kila neno la Kiswahili. Mstari wa kwanza haukukaa vizuri kwa bahati. Ulikaa kwa sababu mwisho wake wa Kifaransa ni ndugu wa mwisho wa Kiswahili. Mstari wa pili, wenye mwisho wa kishindo, ndio uliotupinga. Nilipomwonesha Mwalimu, alikaa kimya kidogo akipiga penseli mezani, kisha akasema kwamba kumbe miaka yote tulikuwa tukitafsiri kutoka mlango usio wetu. Tumezoea kuchukua nyimbo kwa maneno ya Kiingereza kwa kuwa ndiyo tunayoyasoma, wakati maneno ya Kifaransa, ambayo hakuna anayeyaelewa, ndiyo yaliyokuwa na kipimo chetu.

Kabla sijamaliza habari za London, kuna wimbo mmoja ambao mtu wa pwani hii hawezi kuupita. Si wa kwaya. Ni wa sauti moja na piano. Unaitwa Ilala, na maneno yake ni ya mshairi Mwingereza Lord Houghton, juu ya kifo cha David Livingstone katika nchi ya Ilala, iliyo Zambia ya leo, mwezi Mei 1873. Shairi halimtazami sana Livingstone bali watu wake, wale waliobaki bila kiongozi wakaamua kuubeba mwili hadi baharini. Sisi tunawajua kwa majina: Chuma, Susi na wenzao, ambao walitembea miezi mingi hadi Bagamoyo. Mwili ulizikwa Westminster Abbey Aprili 18, 1874, wakati Gounod alikuwa bado anaishi katika mji huohuo. Ninapofikiri kwamba msafara ulioishia Bagamoyo uliingia katika muziki wa mtu wa Ave Maria, nashangaa kwamba hakuna aliyewahi kuniambia, na nimekaa na wanamuziki maisha yangu yote.

Kuondoka kwake London hakukuwa kuzuri. Mkewe alikuwa amerudi Ufaransa mwaka 1871, naye alibaki katika nyumba ya mwimbaji Georgina Weldon na mumewe, Tavistock House, ambayo zamani ilikuwa ya Charles Dickens. Bi Weldon aliifundisha kwaya, alimtetea dhidi ya wachapishaji, alimuuguza, na kwa maelezo ya wengi pia alimtawala. Juni 1874 Gounod, akiwa mgonjwa, alirudi kwao, na karatasi za opera yake ya Polyeucte zikabaki kwa mama huyo, ambaye alikataa kuzitoa. Gounod akaanza kuiandika upya kwa kumbukumbu hadi zile za kwanza ziliporudishwa, kila ukurasa ukiwa na jina la Bi Weldon limechorwa juu yake. Miaka kumi na moja baadaye mahakama ya Uingereza iliamuru amlipe Bi Weldon pauni 10,000 kwa kumchafulia jina. Hakulipa, na hakuweza kukanyaga tena Uingereza bila kuhofia kukamatwa. Watu hupenda kuisimulia habari hii kuliko kuziimba nyimbo, kwa hiyo nimeifupisha kwa makusudi.

Wimbo wetu wa Bethlehemu Mwalimu ameutengeneza hivi. Ile noti nzito ya mwisho wa mstari wa pili ameigawa mara mbili, sehemu ndefu kwa silabi ya pili kutoka mwisho na sehemu fupi kwa silabi ya mwisho, na amewaagiza wote wafike katika ile ndefu, kisha ile fupi waiachie kimyakimya, kama Mfaransa anavyoiachia irabu yake hafifu. Soprano na alto wameipata. Besi, kwa kuwa noti yao haibadiliki, hawana shida. Waimbaji wa tena ndio bado wanaivuta ile silabi ya mwisho kana kwamba wanalipwa kwayo, na Jumamosi ijayo tutaanzia hapo. Ubeti wa tatu, ambao kila jaribio la Kiswahili limeuharibu, tumeuacha kwa Kifaransa, na kijana mmoja aliyesoma lugha hiyo shuleni ndiye anayetufundisha kutamka.